Kompyuta Inayozima Mchana: Pima Joto Kabla ya Kulipa

Haya ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Homa Bay wenye kompyuta nyumbani, shuleni na katika biashara ndogo. Yamechapishwa ili mkazi ayakate, ayaweke karibu na kompyuta, na kuyasoma pamoja na fundi wake.



Wenye kompyuta wengi wanaijua hali hii. Asubuhi mashine inafanya kazi vizuri. Ikifika saa nane mchana inaanza kujikokota, feni inavuma kama kinu cha posho, kisha skrini inakuwa nyeusi bila onyo lolote. Ikiachwa dakika 20 inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya muda mfupi inazima tena.

Mwenyewe anaibeba kwa fundi. Anaambiwa ni virusi. Windows inawekwa upya, na picha za familia pamoja na kazi ya chuo ya mtoto zinafutika. Jioni mashine inawaka vizuri, na fundi analipwa. Kesho yake saa nane inazima tena. Sasa shauri ni kununua pawasaplai mpya. Wiki inayofuata ni mothabodi. Pesa za karo zinayeyuka kidogo kidogo, na ugonjwa bado upo.

Mara nyingi katika hali kama hiyo, fundi hana nia mbaya. Bila kipimo, hata fundi mwaminifu anabahatisha. Kompyuta iliyotibiwa jioni ilipona kwa sababu jua lilikuwa limetua. Mazungumzo haya yanahusu kipimo hicho: jinsi ya kuitwisha kompyuta mzigo kwa makusudi, kusoma joto lake, na kujua kama tatizo ni joto au ni kitu kingine, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

JOTO LINATOKA WAPI

Ndani ya kompyuta kuna kichakataji, ambacho mafundi wengi hukiita prosesa. Hicho ndicho kinachofanya hesabu zote. Prosesa ya kompyuta ya kawaida ya ofisini imeundwa kwa mzigo wa wati 65 hivi. Balbu za zamani za wati 60 zilikuwa zikichoma kidole cha mtu aliyezigusa. Katika prosesa, joto la namna hiyo linatoka kwenye kipande cha silikoni kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba.

Joto hilo lina njia moja ya kutokea. Linapita kwenye mfuniko wa chuma wa prosesa, linapita kwenye tabaka jembamba la pesti ya joto, linaingia kwenye kipozeo chenye vibamba vilivyopangwa kama mapezi ya samaki, kisha feni inalipuliza kwenda kwenye hewa ya chumba. Kila kituo katika njia hiyo kinaweza kuziba. Pesti inakauka. Mapezi yanajaa vumbi. Feni inachoka. Hewa ya chumba yenyewe inakuwa moto.

Prosesa za kisasa zinajilinda. Zikikaribia kikomo chake, zinapunguza kasi ili zipoe. Kwa prosesa nyingi za Core za Intel kikomo hicho ni nyuzi 100 za selsiasi, na kwa Ryzen kadhaa za AMD ni nyuzi 95. Joto likiendelea kupanda licha ya kupunguza kasi, mashine inajizima. Kwa hiyo kule kujikokota kwa saa nane mchana na kule kuzima ghafla ni hatua mbili za ulinzi ule ule.

Prosesa ikijilinda, majirani zake hawajilindi. Kwenye mothabodi na ndani ya pawasaplai kuna vifaa vidogo vya mviringo viitwavyo kapasita, na ndani yake mna majimaji. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila joto la kapasita linapoongezeka kwa nyuzi 10, maisha yake hupungua kwa nusu hivi. Kompyuta inayopikwa kila mchana inaweza kuendelea kuwaka kwa miezi mingi, kisha siku moja ikakataa kabisa.

HESABU YA HOMA BAY

Joto la prosesa lina sehemu mbili: joto la chumba, na nyongeza inayoletwa na kazi. Chukua mfano wa kompyuta safi ambayo, ikifanya kazi kwa nguvu zote, inaongeza nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Katika ofisi ya Nairobi yenye nyuzi 22, prosesa itafika nyuzi 72. Hapo hakuna shida.

Mashine hiyo hiyo iletwe Homa Bay, iwekwe kwenye chumba cha mabati kisicho na dari. Mchana wa kiangazi chumba hicho kinaweza kufika nyuzi 34. Prosesa sasa iko nyuzi 84. Bado inafanya kazi, ila nafasi imepungua. Halafu mwaka unapita, vumbi la barabara ya murram linaziba mapezi, na ile nyongeza ya 50 inakuwa 65. Jumla ni nyuzi 99. Mashine iko mlangoni mwa kikomo chake, na saa mbili usiku, chumba kikiwa na nyuzi 24, itakuwa nyuzi 89 na haitazima. Ndiyo maana kompyuta hiyo hiyo inaonekana nzima usiku na mgonjwa mchana.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Hewa inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyobeba joto kidogo, na Ziwa Viktoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika maelezo ya kiufundi ya kompyuta nyingi za mezani za HP, ambazo ni nyingi katika soko la mitumba, joto la juu la chumba linaloruhusiwa ni nyuzi 35 kwenye usawa wa bahari. Maelezo hayo yanataka kikomo hicho kipunguzwe kwa nyuzi 1 kila mita 300 za kupanda, na mashine isikae kwenye jua. Kwa mtu wa pwani ya ziwa letu, hesabu hiyo inabakisha nyuzi 31 hivi. Vyumba vingi vya Mbita, Kendu Bay na Homa Bay mjini vinapita hapo kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Wakazi wa kando ya ziwa wana mgeni wa ziada. Ni wale vijidudu wanaopanda juu ya maji kama nguzo ya moshi, kisha usiku wanafuata taa. Dirisha likiwa wazi na skrini ikiwa inang'aa, wanaingia kwa maelfu, na feni inawavuta hadi kwenye mapezi. Wakichanganyika na vumbi, na mafuta ya jikoni ambako samaki wanakaangwa, wanatengeneza blanketi ambalo upepo wa feni hauwezi kulipita.

Joto halichagui maskini. Tarehe 19 Julai 2022, Uingereza ilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, vituo vya kompyuta vya Google na Oracle vilivyoko London vilipata hitilafu za upoozaji. Siku hiyo hiyo mitambo ya kompyuta ya hospitali za Guy's na St Thomas' ilianguka, na madaktari wakakosa kumbukumbu za wagonjwa. Mitambo hiyo ilikuwa na wataalamu na vipozeo vya gharama kubwa. Kompyuta ya nyumbani ina feni moja na mwenye nyumba.

JINSI YA KUFANYA JARIBIO LA MZIGO

Jaribio la mzigo ni kuifanyisha prosesa kazi nzito kwa muda unaojulikana huku joto likisomwa. Lengo ni kuiona ikishindwa siku ambayo hakuna hasara, badala ya tarehe 30 Juni usiku wakati mtu anawasilisha ripoti ya kodi kwenye iTax, au saa ya mwisho ya kutuma mradi wa chuo.

Kwanza, hifadhi kazi zote na unakili faili muhimu kwenye flashi. Jaribio hili halitakiwi kuharibu mashine nzima, lakini mashine iliyokaribia kufa inaweza kufia hapo.

Pili, kagua kabla ya kuanza. Kama laptopu ina betri iliyovimba, hata kidogo, usifanye jaribio. Izime, iondoe kwenye chaji na umwone fundi, kwa sababu betri ya namna hiyo inaweza kushika moto. Kama feni haizunguki kabisa, jibu limeshapatikana. Hakuna haja ya kupima.

Tatu, pata programu ya kusoma joto. HWiNFO na Core Temp hazilipishwi kwa matumizi ya nyumbani na zinafanya kazi kwenye Windows. Kwa wanaotumia Linux kuna lm-sensors. Pakua kutoka kwa watengenezaji wenyewe, maana nakala za mitaani huja na virusi.

Nne, pata programu ya kuleta mzigo. Inayojulikana zaidi ni Prime95. Ilizaliwa katika mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na George Woltman wa Marekani wa kutafuta namba tasa kubwa, na mafundi wakagundua kwamba hesabu zake ni kipimo kikali cha prosesa. Mapema mwaka 2016 ilisaidia kufichua kasoro katika prosesa za Core za kizazi cha sita za Intel, zilizokuwa zikiganda chini ya hesabu ngumu. Kampuni ilikiri na kutoa marekebisho. Mwenye bando dogo anaweza kutumia 7-Zip, programu ndogo ya kufungasha faili ambayo ndani yake mna kipimo cha kasi kinachoishughulisha prosesa. Mzigo wake ni mwepesi kuliko wa Prime95, ila unatosha kuonyesha shida kubwa.

Tano, chagua saa mbaya. Pima saa nane mchana, mashine ikiwa mahali pake pa kila siku, dirisha na mlango vikiwa kama vinavyokuwa kila siku. Kupima usiku ni kumpima mgonjwa wa malaria wakati homa imeshuka. Andika joto la chumba kama kuna kipimajoto.

Sita, washa kompyuta, iache dakika 10 bila kazi, kisha andika joto la prosesa. Halafu anzisha mzigo na uandike joto dakika ya 1, ya 5, ya 10, ya 20 na ya 30. Usiondoke. Joto likifika nyuzi 95, simamisha. Ukiona imefika hapo dakika ya kwanza, umeshapata jibu.

Karatasi hiyo yenye namba sita ndiyo ya kumpelekea fundi. Fundi mzuri ataifurahia, kwa sababu inamwokolea nusu siku ya kubahatisha.

KUSOMA MATOKEO

Kwa kompyuta ya mezani, chini ya nyuzi 80 kwenye mzigo wa dakika 30 ni hali nzuri kwa mazingira ya hapa. Kati ya 80 na 90 ni onyo, panga kuisafisha. Zaidi ya 90 inahitaji huduma. Laptopu huwa moto zaidi kwa sababu kipozeo chake ni kidogo, na nyingi hugusa nyuzi 90 zikitwishwa mzigo wote. Cha kuangalia kwa laptopu ni kama inapunguza kasi au inazima.

Namba pekee haitoshi. Tazama pia namna ilivyopanda, kwa maana kila ugonjwa una mwendo wake.

Joto likiruka hadi nyuzi 90 ndani ya sekunde chache tu, kipozeo hakipokei joto. Pesti imekauka, au skrubu ya kipozeo imelegea, labda tangu mashine iliposafirishwa.

Joto likipanda taratibu, nyuzi kadhaa kila dakika 5, hadi likavuka 90 baada ya dakika 20, kipozeo kinapokea joto ila hewa haipiti. Hapo ni vumbi, feni dhaifu, au mahali mashine ilipowekwa.

Joto likitulia nyuzi 70, na bado kompyuta inazima, joto la prosesa si chanzo. Sasa ndipo kuna sababu ya kuchunguza pawasaplai, kumbukumbu au stima ya nyumbani. Mkazi mwenye karatasi kama hiyo hawezi kuuziwa feni asiyoihitaji.

Joto likiwa nyuzi 75 kabla ya kuanzisha mzigo, na kompyuta inaonyesha prosesa inatumika asilimia 100 ilhali hakuna programu iliyofunguliwa, kuna programu inayofanya kazi kwa siri. Zipo programu hasidi zinazochimba sarafu za kidijitali kwa stima ya mtu mwingine. Hapo virusi ni jibu la kweli, na kipimo kimelithibitisha.

TIBA, KUANZIA ISIYO NA GHARAMA

Anza na mahali. Iondoe kompyuta sakafuni, ambako vumbi hukaa, na uiweke juu ya meza au kisanduku kigumu. Acha nafasi ya shubiri moja kati yake na ukuta, hasa upande wa nyuma ambako hewa moto inatokea. Isifungiwe ndani ya kabati la meza. Iepushe na jua la dirishani. Vitambaa vya kufuma vinapendeza juu ya meza na viti, lakini kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa ikiwa inawaka ni sawa na mtu aliyevaa sweta shambani. Kitambaa kiwekwe baada ya kuzima. Laptopu isitumiwe juu ya godoro wala kochi. Matundu yake yako chini.

Angalia chumba. Dari ya mbao au ya gipsamu chini ya mabati inapunguza joto la chumba, na faida yake inawafikia watu pia. Madirisha mawili yanayotazamana yanapitisha upepo wa ziwani kuliko moja. Wavu wa dirisha unazuia vijidudu. Asiyeweza hayo kwa sasa apange kazi nzito, kama kuhariri video, ifanywe asubuhi.

Kisha safisha. Zima, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha ili umeme tuli utoke mwilini. Itoe nje, fungua upande mmoja, ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, kisha upulize kwa bloa kutoka mbali kidogo. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke inapopulizwa. Ikizungushwa kupita kiasi beringi zake huharibika. Pawasaplai isifunguliwe kamwe. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa waya, na umeme huo unaweza kuua. Kwa aliye karibu na barabara ya murram, kinu au jikoni, kazi hii ifanywe kila miezi 3. Kwa wengine miezi 6 inatosha.

Kama kusafisha hakutoshi, badilisha pesti. Kwa asiyewahi kuifanya, hii ni kazi ya fundi, ila ni vyema mwenyewe ajue inavyotakiwa kwenda. Mashine inawashwa dakika chache ili pesti kuukuu ilainike, inazimwa na kuchomolewa, kipozeo kinazungushwa kidogo na kuinuliwa polepole. Pesti ya zamani inapanguswa yote kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pesti mpya ni kiasi cha punje moja ya ndengu katikati ya prosesa. Nyingi zaidi haisaidii. Skrubu zinakazwa kidogo kidogo kwa kupokezana pembe kwa pembe, ili kipozeo kikae sawasawa.

Ipo pia tiba isiyohitaji bisibisi. Katika mipangilio ya umeme ya Windows kuna mahali pa kuweka kiwango cha juu cha prosesa. Kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa nyingi zinaacha kujiongezea kasi ya ziada, na joto linashuka sana. Kwa kuandika barua, kujaza fomu na kuvinjari intaneti, tofauti ya kasi ni ndogo. Wanaotumia sola au inveta wanapata faida mara mbili, kwa maana betri pia inadumu zaidi.

Baada ya kila tiba, rudia jaribio: saa ile ile, mahali pale pale, karatasi ile ile. Kama nyuzi 97 zimekuwa 82, pesa zimefanya kazi. Kama zimebaki 96, kilichorekebishwa hakikuwa kimeharibika, na mwenye kompyuta ana haki ya kurudi kwa fundi na karatasi yake mkononi.

MAMBO YA KUEPUKA

Wengine huondoa upande wa kasha na kuuacha wazi moja kwa moja. Mashine yenye matundu yaliyoziba inaweza kushuka nyuzi chache, ila mijusi, mende na vidole vya watoto vinapata mlango, na vumbi linaongezeka. Safisha matundu, funga kasha.

Dawa ya meno haichukui nafasi ya pesti ya joto. Itaonekana kufaa siku za mwanzo kwa sababu ya maji yaliyomo. Yakikauka, inabaki chokaa inayozuia joto.

Barafu, kitambaa chenye maji na kuweka laptopu kwenye friji ni hatari. Chuma baridi katika hewa yenye unyevunyevu wa ziwani hutoa matone ya maji, na maji yatapata njia hadi kwenye mothabodi. Feni ya kawaida ya mezani ikielekezwa kwenye upande ambako kompyuta inavuta hewa inasaidia, na haina madhara.

Wala jaribio la mzigo lisifanywe mchezo. Mara moja kila baada ya miezi 6, baada ya tiba, na kabla ya kununua. Kuitesa mashine kila siku kunaichosha bure.

KWA ANAYETAKA KUNUNUA

Kompyuta nyingi zinazouzwa katika miji yetu zimetumika kwanza ofisini nchi za ng'ambo. Nyingi ni nzuri, lakini zilipozwa na hewa ya nchi baridi kwa miaka kadhaa, na pesti yake haijaguswa tangu kiwandani. Dukani zinawashwa dakika mbili, skrini inang'aa, pesa zinatolewa.

Mnunuzi aombe dakika 30. Aende na flashi yenye HWiNFO na programu ya mzigo, akae na mwenye duka, waandike joto pamoja. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hana cha kupoteza. Anayekataa dakika 30 za kupimwa amejibu swali tayari. Makubaliano ya garantii yaandikwe kwenye risiti, na risiti itaje kuwa mashine ilipimwa na ilifika nyuzi ngapi.

Kwa familia inayohitaji kompyuta ya masomo na fomu, zipo za mezani zilizo ndogo kama kitabu kinene, zenye prosesa za wati 35. Jina la prosesa hizo za Intel huishia na herufi T, kama Core i5-6500T. Joto lake ni karibu nusu ya ndugu yake wa wati 65, na kwa nyumba ya mabati hiyo ni tofauti kubwa. Kwa shule na saiba zenye mashine 10 ndani ya chumba kimoja, hesabu ni nzito zaidi, kwa sababu kila wati inayotoka kwenye kompyuta inabaki kuwa joto la chumba hicho hicho. Mashine 10 zikitumia wati 100 kila moja ni wati 1,000, sawa na kuwasha hita ndogo ya umeme katikati ya wanafunzi. Hapo dirisha la pili si anasa.

Kwa wiki hii, kila mwenye kompyuta atafute nusu saa ya mchana mmoja, kipande cha karatasi na kalamu, aandike zile namba sita. Kama ziko chini ya 80, aibandike karatasi ukutani na kuilinganisha na ya miezi 6 ijayo. Kama ziko juu, aanze na brashi na mahali pa kuweka mashine kabla ya kufikiria kununua chochote. Vijana wa vyuo wanaojua kazi hii wawasaidie wazazi na majirani, na walimu wawaachie wanafunzi wafanye jaribio hili kama somo la sayansi: kipimajoto, saa, jedwali na grafu, vyote vimo.